Mabasi Yashindane Dirishani, Yasishindane Barabarani



 Hakuna kaya isiyo na mtu aliye safarini: mwanafunzi anayerudi shuleni, mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa, mfanyabiashara anayefuata bidhaa, ndugu anayewahi msiba. Wengi wao husafiri kwa basi. Leo nitazungumzia ushindani katika mabasi ya masafa marefu: ulivyoingia nchini, faida ulizotuletea, mahali unapogeuka kuwa hatari, na wajibu wa abiria katika kuuelekeza.

Neno langu kuu ni hili. Wasafirishaji hushindana pale abiria anapofanya uamuzi. Abiria akiamua mapema, akiwa na tiketi mkononi, mabasi yatashindana dirishani pa tiketi kwa nauli na huduma. Abiria akiamua kando ya barabara, kwa kulipungia mkono basi linalotangulia, mabasi yatashindana barabarani kwa mwendo.

Tulikotoka

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Katika miaka ya 1970 usafiri wa abiria, kama zilivyokuwa njia nyingine kuu za uchumi, uliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma. Nia ilikuwa njema: mwananchi wa wilaya ya mbali apate basi hata kama njia yake haina faida kubwa. Lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilipungukiwa fedha za kigeni, vipuri na matairi yakawa adimu, na mabasi mengi yakalala karakana. Abiria alikesha kituoni akisubiri gari ambalo huenda lisingekuja. Nauli ilikuwa nafuu kwenye karatasi, lakini aliyekosa kiti hakunufaika na unafuu huo.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi kubeba abiria jijini Dar es Salaam, nayo ndiyo tunayoyaita daladala. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, yakiwemo magari. Marekebisho ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986, na yale ya mashirika ya umma katika miaka ya 1990, yalikamilisha safari hiyo. Leo usafiri wa mabasi ya mikoani umo mikononi mwa watu na kampuni binafsi, na katika njia kuu abiria ana majina mengi ya kuchagua kwa siku moja.

Soko lililofunguliwa halikuachwa bila mlinzi. Sheria ya mwaka 2001 iliunda SUMATRA, na mwaka 2019 kazi ya kusimamia usafiri wa nchi kavu ilikabidhiwa LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Pamoja nayo lipo baraza la ushauri linalowasemea watumiaji wa huduma hizo. Ipo pia Tume ya Ushindani, iliyotokana na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza washindani kukubaliana bei kwa siri.

Maana ya nauli kikomo

Wengi huuliza: kama soko limefunguliwa, kwa nini nauli bado inapangwa? Jibu lipo katika hali ya mnunuzi. Anayenunua kitenge huweza kuzunguka maduka matano, akarudi nyumbani, akanunua kesho. Anayewahi maziko hawezi kusubiri kesho. Mnunuzi mwenye haraka hana nguvu ya kupatana, na muuzaji analijua hilo. Kwa sababu hiyo LATRA huweka nauli kikomo kwa mabasi ya daraja la kawaida na daraja la kati. Kikomo ni dari: msafirishaji haruhusiwi kuipita, lakini chini yake yuko huru kushuka apendavyo.

Nitoe mfano wa hesabu. Katika viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, daraja la kawaida lilipangiwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kila kilomita ya barabara ya lami, na daraja la kati shilingi 67.84. Safari ya kilomita 500 basi haikupaswa kuzidi shilingi 24,235 kwa daraja la kawaida, wala shilingi 33,920 kwa daraja la kati. Viwango hubadilika kadiri gharama za mafuta, matairi na mishahara zinavyobadilika, hivyo usikariri namba hizi. Kariri njia ya kuhesabu: kilomita za safari yako mara kiwango kinachotumika. Na uliza daraja la basi kabla ya kutoa fedha, kwa maana wapo wanaotoza nauli ya daraja la kati kwa basi la daraja la kawaida.

Chini ya dari hiyo, ushindani huzaa matunda. Msafirishaji mwenye viti vitupu siku ya Jumanne hushusha nauli kuliko kusafiri na hewa. Mwingine huacha nauli ilivyo, akaongeza nafasi ya miguu, choo ndani ya basi, maji ya kunywa, au sifa ya kuondoka kwa wakati. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wasafirishaji wakigombana kwa bei na huduma, abiria ndiye anayeshiba.

Ushindani huo umeongezeka siku za karibuni. Zuio la mabasi kusafiri usiku, lililodumu tangu miaka ya 1990, liliondolewa mwaka 2023, na sasa wasafirishaji wenye kibali huondoka saa ambazo zamani barabara zilikuwa kimya. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma. Nauli ya treni ya kawaida kwenda Dodoma ilianza kwa shilingi 31,000. Kwa barabara, umbali wa takriban kilomita 450, kikomo cha basi la daraja la kawaida kwa viwango vile nilivyovitaja kilikuwa kama shilingi 21,800, na daraja la kati kama shilingi 30,500. Mwenye kujali muda ana sababu ya kuchagua treni; mwenye kujali fedha ana sababu ya kuchagua basi la kawaida; na msafirishaji wa daraja la kati analazimika kutafuta jambo la kumvutia abiria. Hivyo ndivyo soko linavyopaswa kufanya kazi.

Yaliyowapata wengine

Si sisi peke yetu tuliofungua mlango huu, na yaliyowapata wengine yana funzo kwetu. Nitaje nchi mbili tu.

Uingereza iliondoa leseni za njia kwa mabasi ya masafa marefu Oktoba 1980. Kampuni kadhaa binafsi ziliungana kwa jina la British Coachways, zikashusha nauli ili kushindana na National Express, iliyokuwa ya umma. National Express nayo ikashusha. Abiria walifurahi. Lakini ndani ya miaka michache muungano ule ulivunjika. Moja ya sababu ni kwamba National Express ilikuwa na mtandao wa njia uliojulikana nchi nzima, pamoja na nafasi katika kituo kikuu cha mabasi cha Victoria, jijini London, ambacho wapinzani wake hawakukipata. Abiria humfuata basi aliyepo kituoni. Anayemiliki kituo, au anayekipendelea, amekwisha kumiliki nusu ya soko.

Ujerumani kwa miaka mingi ililinda reli yake kwa kuzuia mabasi ya masafa marefu katika njia nyingi. Zuio hilo liliondolewa tarehe 1 Januari 2013. Kampuni nyingi zikajitokeza na nauli zikaporomoka. Kisha walioshindwa kuhimili bei wakaondoka, na wengine wakanunuliwa. Mwaka 2015 kampuni mbili kubwa, FlixBus na MeinFernbus, ziliungana. Mwaka 2016 FlixBus ilinunua pia huduma ya Postbus. Katika miaka michache tu kampuni moja ilikuwa imeshika zaidi ya asilimia 90 ya soko hilo. Nauli bado ilizuiwa kupanda ovyo na treni na magari binafsi, lakini abiria aliyetaka basi hakuwa tena na wengi wa kuwachagua.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, kituo cha mabasi kiwe cha wote. Kituo cha Magufuli kilichopo Mbezi, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya kile cha Ubungo, kina thamani kwa abiria kwa sababu mabasi ya kampuni mbalimbali yako mahali pamoja, na mtu anaweza kulinganisha kwa miguu yake mwenyewe. La pili, kufungua soko ni jambo moja, na kulilinda lisifungwe tena na mshindi ni jambo jingine. Mkoa wako ukibakiwa na msafirishaji mmoja baada ya wengine kununuliwa au kusukumwa nje, ni haki yako kuuliza na kutaka mamlaka zichunguze.

Ushindani unapohamia barabarani

Sasa nije kwenye jambo zito. Kuna methali nyingine isemayo wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Mabasi yakishindana barabarani, nyasi ni sisi tulioketi ndani.

Tutazame jinsi mbio hizi zinavyozaliwa. Mabasi mawili yanaondoka saa moja asubuhi kwenda mji mmoja. Yote mawili yana viti vitupu. Njiani wapo abiria wanaosubiri kando ya barabara, katika kila mji mdogo na kila njia panda. Basi litakalotangulia litawakuta. La nyuma litakuta vumbi. Aidha, nauli ya abiria wa njiani mara nyingi hutolewa mkononi bila tiketi, na si yote humfikia mwenye basi. Kwa hiyo dereva na kondakta wana sababu yao wenyewe ya kutaka kutangulia. Hakuna mkutano wala semina itakayofuta mbio hizo iwapo faida ya kutangulia itabaki pale pale.

Sheria imeweka mwendo wa basi la abiria usiozidi kilomita 80 kwa saa, na kilomita 50 kwa saa penye makazi. Tuipime faida ya kuivunja. Katika kipande cha kilomita 50 cha barabara tupu, basi linalokwenda 80 hutumia dakika 37 na nusu. Linalokwenda 100 hutumia dakika 30. Pato ni dakika saba na nusu, muda usiotosha hata kunywa chai. Kwa dakika hizo dereva amehatarisha roho zaidi ya hamsini, kwa sababu basi lenye kasi zaidi huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na kishindo cha kugonga huongezeka kuliko kasi yenyewe inavyoongezeka.

Kwa hesabu hiyo hiyo, safari ya kilomita 500 kwa mwendo wa 80 bila kupunguza hata mara moja huchukua saa sita na robo. Ukiongeza vijiji, mizani na mapumziko, lazima izidi hapo. Basi mpigadebe anayekuahidi kufika kwa saa tano hajakupa sifa ya basi lake. Amekiri kwamba dereva atavunja sheria. Tumezoea kuliuliza swali moja kituoni: "Lipi linawahi kufika?" Wasafirishaji wanatusikia, na wanatujibu kwa kile tunachouliza.

Tiketi kama silaha ya abiria

Dawa ya mbio hizi ipo sehemu tatu. Ya kwanza ni ratiba: mamlaka ikipanga muda wa kuondoka kwa kuachanisha mabasi ya njia moja, la nyuma halilazimiki kulikimbiza la mbele. Ya pili ni mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari, unaoonesha mwendo wa basi popote lilipo, ili anayezidisha mwendo ajulikane hata pasipo askari. Hizo mbili zipo mikononi mwa Serikali. Ya tatu ipo mikononi mwako, nayo ni tiketi.

Tiketi mtandao iliyokatwa kabla ya safari huonesha nauli halisi, jina la abiria, namba ya kiti, namba ya basi na muda wa kuondoka. Kiti kikishauzwa hivyo, hakuna sababu ya kukikimbilia barabarani. Fedha imekwisha kuingia katika hesabu za kampuni, na dereva hana anachogombea na mwenzake. Kila abiria anayekata tiketi mapema anaupeleka ushindani dirishani. Kila abiria anayepanda njiani na kutoa noti bila kudai tiketi anaurudisha barabarani, bila kukusudia.

Tiketi ina kazi nyingine. Ni ushahidi kwamba ulikuwemo ndani ya basi. Litokeapo la kutokea, Mungu aepushe, jina lako katika orodha ya abiria ndilo litakalowasaidia ndugu zako kukupata na kudai fidia ya bima. Asiye na tiketi hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba alikuwa abiria.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya safari, nunua tiketi ofisini mwa kampuni, kwa wakala anayejulikana au kwa njia ya mtandao. Mpigadebe anayekushika mkono na kukunyang'anya mzigo si ofisi. Soma kilichoandikwa: je, nauli iliyoandikwa ndiyo uliyolipa? Kama umelipa 40,000 na tiketi inasema 30,000, umelanguliwa, na tiketi hiyo hiyo ndiyo ushahidi wako. Soma pia masharti ya kuahirisha safari na ya mizigo, na kila mzigo unaoingia kwenye buti upewe lebo au stakabadhi.

Msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka unataka uangalifu wa pekee. Desemba abiria wa Kilimanjaro na Arusha ni wengi kuliko viti, na mabasi hayo hayo hurudi Dar es Salaam yakiwa karibu matupu. Wasafirishaji husema hasara ya kurudi ndiyo huwasukuma kupandisha nauli ya kwenda. Hoja yao ina ukweli wa kibiashara, lakini haiwapi ruhusa ya kuvuka kikomo. Njia iliyo halali ni kuongeza magari, na LATRA hutoa vibali vya muda kwa ajili hiyo. Nawe jisaidie: anayekata tiketi wiki tatu kabla hupata bei, anayefika kituoni tarehe 23 hupata alichobakiziwa.

Ukiwa safarini, funga mkanda. Safari inayozidi saa nane za kuendesha inapaswa kuwa na madereva wawili. Uliza kama wapo, hasa usiku. Dereva akizidisha mwendo, mwambieni kwa heshima lakini kwa pamoja, kwani sauti ya abiria mmoja hupuuzwa kirahisi. Asiposikia, andika namba ya basi, mahali na saa, kisha toa taarifa kwa polisi wa usalama barabarani au LATRA. Tafadhali msimshangilie dereva anayeyapita magari kwenye kilima. Makofi yale ni malipo, naye atataka kuyapata tena.

Baada ya safari, usiondoke na kinyongo ukakiweka moyoni. Lalamika kwanza kwa msafirishaji, kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya tiketi. Usiporidhika, peleka shauri LATRA. Baraza la watumiaji litakusaidia kuliandaa. Na asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Lalamiko moja lenye namba ya basi, tarehe na tiketi lina uzito kuliko manung'uniko mia ya kijiweni.

Ndugu zangu,

Najua wapo mtakaosema kwamba njia yenu ina basi moja kwa siku, na kwamba haya ya kuchagua ni ya watu wa njia kuu. Ni kweli. Soko huwahi penye abiria wengi na lami nzuri, na huchelewa kwingine. Kwenu nauli kikomo ina umuhimu mkubwa zaidi, maana pasipo mshindani dari ndiyo kinga iliyobaki. Dai nakala ya viwango vya nauli ya njia yenu, na ikiwezekana vibandikwe ofisi ya kijiji, mahali ambapo kila mtu atavisoma.

Kwa wasafirishaji waliopo hapa nina neno moja: abiria hawaombi miujiza. Wanaomba kiti walichokilipia, kwa nauli iliyoandikwa, kwa muda uliotajwa, na wafike. Atakayewapa hayo kila siku hatahitaji mpigadebe.

Na kwenu abiria: badilini swali. Mkifika dirishani msiulize lipi linawahi. Ulizeni nauli ni kiasi gani, basi ni la daraja gani, linaondoka saa ngapi, na madereva ni wangapi. Tukiuliza hivyo sote, kituo baada ya kituo, wasafirishaji watashindana kutujibu.